Gottlieb wa Pili

Ottilie Brungardt aliishikilia Biblia juu ya jiko la kuni, akiipuliza, akiomba wino ukauke kabla askari hawajafika nyumbani kwake.

"Mama, leo unaandika uongo kwenye Biblia?" aliuliza mwanawe, Gottlieb, huku akifunga gunia la mikate mikavu.

"Wewe ukiulizwa, soma tu. Na hilo gunia ni langu. Lako lifungue."

Tangazo lilikuwa limebandikwa asubuhi: kwa kuwa Urusi ilikuwa vitani na Ujerumani, Wajerumani wote wa kando ya Volga wapelekwe Siberia, leo leo. Kurasa za mwanzo za Biblia ile zilibeba ukoo mzima, tangu Konrad Brungardt alipotoka Hesse, Ujerumani, mwaka 1766 kuja kulima ardhi ya Warusi. Miaka yote Biblia hiyo ilikuwa fahari ya nyumba. Sasa ilikuwa hukumu.

Mwishoni palikuwa na Gottlieb wa kwanza, mtoto wa Ottilie aliyekufa kwa njaa ya mwaka 1921. Chini yake alifuata Gottlieb huyu, aliyepewa jina la marehemu kama ilivyo desturi. Kijijini hapakosekani kaburi lenye jina la mtu aliye hai. Baada ya hapo ukurasa mmoja ulikuwa umechanwa zamani. Gottlieb alipouliza utotoni, aliambiwa ni panya.

Ofisa aliingia na orodha yake. Kijerumani hakukijua, wala hakuwa na subira.

"Bibi huyu anasema wewe si mwanawe. Haya, soma."

Gottlieb alisoma, akitafsiri kwa Kirusi. "Mtoto mchanga wa Kirusi, ameokotwa stesheni, kifuani mwa mama yake aliyekufa. Tumempa jina la mwanetu. Mungu atusamehe."

"Kwa nini umeficha miaka yote hiyo, bibi?"

"Nilitaka mtoto," alisema Ottilie, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Ofisa alikata jina moja kwenye orodha. "Kijana abaki. Wewe, twende."

Stesheni, kwenye mlango wa behewa la ng'ombe, Gottlieb alimpandishia gunia na kopo la asali ya tikiti, ile inayopikwa kwa maji ya tikiti hadi yawe mazito. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mama wewe! Ulinichapa kwa uongo wa yai moja, leo umemdanganya ofisa mchana kweupe! Hata mimi nusura niamini."

"Njia ya mwongo ni fupi," alijibu Ottilie. "Ukiulizwa tena, shikilia ulichosoma. Kishikilie mpaka ufe, unasikia?"

"Nitashikilia. Lakini vita vikiisha nitakutafuta, hata kwa miguu. Damu nzito kuliko maji, Mama."

Ottilie alilikumbatia kopo la asali. Alitamani kumshika hata vidole, lakini askari alikuwa akitazama. "Nenda, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, na mlango ukavutwa.

Gizani, kati ya majirani waliokuwa wakiimba zaburi, alikaa juu ya gunia lake na kuyarudia moyoni yale maneno. Hakutunga hata moja. Aliyakumbuka tu, kama marehemu mumewe alivyoyaandika kwenye ukurasa ambao yeye Ottilie aliuchana na kuutia motoni, mtoto asije akajua.