Kipimo cha Bwana Ngiri

Baraza la wanyama lilipitisha sheria kwamba mgao wa mtama wapewe maskini tu, likamtuma mjumbe wake, Bwana Ngiri, apite nyumba kwa nyumba kuwapima.

Ngiri alianzia kwa Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga saba na kibaba kimoja cha mtama. Kanga angefanyaje? Mgeni keshapiga hodi, tena mheshimiwa! Alipika kibaba chote, akasema, "Karibu, baba, ndicho tulichojaliwa." Ngiri alikula, akabeua, akaandika: "Hapa wanakula vizuri."

Kwa Nyani, ambaye mahindi yake yalijaa hadi darini, alipewa maji ya kunywa na pole nyingi. Akaandika: "Hawa wana dhiki." Nyani akapata mgao, Kanga hakupata hata punje.

Kanga hakulia wala hakugombana. Alikwenda barazani akawaalika wajumbe wote chakula cha mchana. Wakaja mbio, Ngiri mbele, wakakaa mkekani, wakanawishwa mikono. Kanga akaleta sinia, akafunua kawa. Tupu!

"Mama, chakula kiko wapi?" Ngiri akauliza.

"Kile ulichokiandika, baba? Ulikila mwenyewe siku ile."

Wajumbe walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaona haya. Kanga akapewa gunia zima, na sheria ikabadilishwa: mpimaji ale kwanza kwake, tena asitazame mwenyeji anapika nini leo, aulize atapika nini kesho.

Ngiri akajiuzulu. Alisema kazi imekosa ladha.