Riziki Elfu Kumi

Mzee Shamte alimtaja mkewe kwa sauti ya chini, kana kwamba amelala chumba cha pili.

"Anaitwa Riziki. Riziki tu. Maji yalitutenganisha darajani."

Salha, karani wa ofisi ya waliookolewa kwenye mafuriko, aliandika jina hilo. Kompyuta ikaleta kumbukumbu elfu kumi, ikagomea hapo. Akasoma za mwanzo: amepoteza riziki, anaomba msaada wa riziki, riziki yake ilikuwa cherehani. Mfumo huu mpya wa utafutaji ulikuwa umemeza majina na maelezo yote pamoja, ukayakatakata neno mojamoja.

Akajaribu njia aliyosomea. Aliandika amri ya SQL, lugha ya kuiuliza kompyuta kumbukumbu zake: leta mtu ambaye jina lake ni Riziki, basi. Jibu lilikuja upesi: sehemu hii haikubali ulinganisho kamili, yaani jina hilo peke yake bila maneno mengine. Akaigeuza amri mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile.

"Umempata?" mzee aliuliza.

"Babu, inatafuta neno tu. Kila aliyeandikiwa riziki, inamleta."

Mzee aligeuka akatazama foleni iliyofika hadi uani. Kisha akavaa miwani, akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta.

"Basi nisomee, mwanangu. Mmoja mmoja."

Salha akarudi mstari wa kwanza.

"Mkulima, miaka hamsini, amepoteza riziki."

Mzee akatikisa kichwa. Kidole cha Salha kikashuka mstari wa pili.