Pambizo la Lieven

Godelieve aliingia dukani kwa fundi Stoffel bila hodi, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki kwenye matope ya Ghent huko nje.

"Kitabu cha sala! Kile cha zamani, chenye michoro ya dhahabu. Kiko wapi?"

"Hata salamu hakuna, mama?" fundi alinung'unika. Alikuwa mzee mkaidi, amejalidi vitabu tangu ujana wake. "Hicho hapo. Mwenyewe mpya anataka jalada jekundu."

Kitabu kilikuwa mezani, kimefumuliwa uzi. Kwa zaidi ya miaka mia tatu kilikuwa kimepita mikononi mwa watu: bibi mmoja wa ngome, padri mlevi, mwisho ukoo wa mumewe Godelieve. Kila aliyejaliwa watoto aliandika kuzaliwa kwao kwenye pambizo, kando ya kalenda ya watakatifu. Marehemu mumewe naye aliandika siku aliyozaliwa Lieven, mtoto wao wa pekee. Kisha mume akafa, njaa ikabisha hodi, na njaa haina adabu. Godelieve akakiuza.

Alifunua kurasa. Pambizo hazikuwapo.

"Umezikata!"

"Watu wa kale walifuja sana ngozi ya kurasa. Nimepunguza vidole viwili kila upande, kiingie mfukoni. Kwani vipi?"

Akamweleza huku anatweta. Wafaransa wanaotawala mji wanazoa vijana wa ishirini hadi ishirini na tano kwenda vitani. Lieven wamemkamata jana. Amewaambia ana kumi na tisa, wamecheka. Na daftari la parokia lilichomwa moto kwenye zile ghasia za kuwapinga.

"Si uape tu?"

"Kiapo wanakipokea pale tu pasipo na maandishi, fundi! Jirani yangu, mdomo kama mlango wa kilabu, kawaambia kuhusu kitabu. Karani wao yuko njiani na askari. Hivyo vipande viko wapi?"

Fundi akaonyesha chungu kilichokuwa kikitokota. "Nachemshia gundi."

Godelieve alikaa sakafuni palepale. Akajifunika uso kwa aproni, mabega yakamtikisika. Mzee alimwonea huruma mpaka ukaidi ukamwisha.

"Usilie, mama. Sikutia vyote. Kuna gunia zima pale pembeni."

Loo! Aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akalipindua gunia, vipande vyembamba vya ngozi vikatapakaa: majani ya dhahabu, nusu bawa la malaika, majina ya watu waliokwisha kuoza zamani. Akachakura kwa mikono miwili, anamwita Mungu, anasoma, anatupa. Mfa maji haachi kutapatapa.

Fundi naye akapiga magoti. "Tutakipata tu. Kijana wa watu hawezi kwenda kufa kwa sababu ya kisu changu."

"Wewe pumzika, mzee wangu. Nitatafuta mwenyewe."

"Nipumzike nini! Kosa ni langu."

Buti zikasikika kwenye mawe ya uchochoro. Godelieve alianza kulia waziwazi.

"Mama! Hiki hapa!" fundi alipiga kelele, furaha tele. "Si Lieven huyu? Tarakimu sizioni bila miwani, ila jina ndilo!"

Godelieve akakinyakua. Mwandiko wa mumewe, wino haujafifia hata kidogo. Siku, mwezi, mwaka. Mtoto alikuwa ametimiza ishirini na moja mwezi uliopita.

Mlango ukasukumwa. "Haya, mama," alisema karani. "Maandishi yamepatikana?"

Godelieve alikuwa ameelekea ukutani, anatafuna. Akameza kwa shida, akafuta dhahabu mdomoni, ndipo alipogeuka na kuinua mkono wa kulia.

"Hakuna, bwana. Niapishe."