Nzi Mwenye Milia ya Nyigu

Palitokea nzi, wa mwisho wa ukoo wake, aliyezaliwa na milia ya nyigu ingawa mwiba hakuwa nao. Mabuu yake yalikuwa ndani ya gogo bovu, la pekee lililosalia msituni, naye akakaa mlangoni akilinda. Kigong'ota alikuja kuyadonoa, akamwona, akarudi nyuma.

"Samahani, Bi Nyigu, nimepotea njia."

"Potea zaidi!" Nzi akamcheka.

Kesho yake akapita mrina asali na mwenge wake. Nzi akamrukia usoni.

"Mzee, mimi nzi tu! Humu mna wanangu!"

"Lo, nyigu wakali hawa!" Mrina akautupa mwenge gogoni.

Jioni Nzi alikuwa bado anayazunguka majivu. Kigong'ota akapita mbali, kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bi Nyigu."