Kama Amelala, Mwamshe

Darasa la kompyuta halikuwa na kompyuta, kwa hiyo mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa roboti. Watoto waliandika amri kwenye karatasi, naye akazifuata neno kwa neno. Jana waliandika "tembea" wakasahau "simama", akaenda kujigonga ukutani huku wao wamekufa kwa kicheko.

Leo mkuu wa shule alikuwa amekaa nyuma, macho kayafumba, funguo zimening'inia kiunoni. Alikuja kuona kama kipindi chenyewe kina maana yoyote.

Kibiriti, binti mdogo kuliko wote darasani, alimkabidhi mwalimu karatasi.

"Hatua nane mbele," mwalimu alisoma kwa sauti, akatembea mpaka viatu vyake vikakaribia vya mkuu. "Kama amelala, mwamshe."

Mkuu akafumbua macho. "Sijalala, mwalimu. Endelea."

Mwalimu akautazama mstari wa mwisho. Akaanza kuikunja karatasi.

"Roboti hachagui amri, mwalimu," Kibiriti alimkumbusha. "Si ulisema mwenyewe?"

Mwalimu akaikunjua tena, akasoma.

"Kama hajalala, muulize kwa nini kompyuta zetu amezifungia stoo."

Mkono wa mkuu ukaenda kiunoni, ukazishika funguo.