Saa Sita ya Kwao

"Usiiguse!" Ndayiragije aliurudisha mkono wake haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto.

Sista Leonia alicheka. "Mzee, saa yako iko nyuma. Hapa Kigoma sasa hivi ni saa sita, yako inasema saa tano. Wote mnaotoka Burundi mnakuja nazo hivyo. Lete nikurekebishie, ni kubonyeza tu."

"Oya, hapana, Sista. Iache hivyo hivyo."

Walikuwa wamesimama kwenye uzio wa turubai uliozunguka wodi ya kipindupindu, pale Bangwe walipopokelewa wakimbizi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia ila mgonjwa na anayemhudumia. Mara huko ndani saa ya mtu ikalia, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Ililia adhuhuri kila siku, na Ndayiragije alikuwa ameshaichukia. Saa za namba za aina ile zilijaa kila mahali. Yeye aliitaka moja tu.

Yeye na mkewe Gloriose walinunua mbili zinazofanana, sokoni kwao. Mwuzaji alizimwagia sifa: hazitiwi ufunguo, haziogopi maji, gizani zinawaka. Akawategea kengele ya saa sita ili kila mmoja aache jembe shambani kwake, wakutane nyumbani kula. Kuizima hakuwafundisha, nao hawakuona haja ya kuuliza.

Haja waliiona baadaye, wamejificha kwenye matete ya ziwa. Kengele zilipolia, wenzao waliwajia juu: saa zenu zitatuua sote! Kila mmoja akasukumwa upande wake, na mitumbwi ilipofika wakapotezana. Neno la mwisho alilompigia mkewe kelele lilikuwa, "Ukivuka, sikiliza saa!"

Majina hayakumsaidia kumtafuta. Njiani watu walibadili majina kwa hofu, na wengine waliletwa wodini wakiwa hawawezi hata kusema. Ikabaki saa. Saa sita ya kwao ni saa saba ya Kigoma, na Ndayiragije hakukubali kuisogeza hata kidogo, maana aliamini Gloriose naye asingethubutu kuigusa yake. Basi kila saa saba alikuja kwenye uzio ule, mkono juu, akingoja saa ya pili iitikie ya kwake.

Haikuitikia. Yake ililia peke yake, na huko ndani mgonjwa fulani aligonga kikombe kwenye chuma cha kitanda, ko-ko-ko, bila kukoma.

"Nakuja na maji, subiri!" Leonia alikuwa akipaza sauti.

Ndayiragije aliondoka kila siku amevunjika moyo zaidi.

Siku ya malori ikafika. Watu wote waliokuwa wazima walikuwa wanahamishiwa kambini, upande wa Kasulu. Wenzake walishapanda, wamekaa juu ya mizigo yao. Ndayiragije alimshika dereva mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, ningoje hadi saa saba. Nakuomba. Ikipita saa saba, nifunge hata kamba unipakie."

Dereva alimtazama, akazima injini.

Ndayiragije alisimama kwenye uzio, mkono juu. Saa yake ikalia. Huko ndani kukawa kimya. Siku hiyo hata kikombe hakikugongwa.

Leonia akatoka, macho mekundu kwa uchovu. Mkononi alikuwa na saa ya namba, bado imelowa dawa ya kuoshea.

"Mzee, wewe unazijua hizi. Hivi inazimwaje?"

"Ya nani?"

"Ya yule mama wa kikombe. Ametutoka alfajiri. Hata jina lake hatukulijua, maskini. Na saa yake haina habari. Kila ikifika saa sita ni kelele tu."

"Saa sita?" Ndayiragije alishusha pumzi ndefu, karibu atabasamu. Akaanza kugeuka kuelekea kwenye lori. "Ego, sawa. Mungu amlaze pema. Basi si mke wangu, Sista. Ya mke wangu hulia pamoja na hii yangu."

"Hata hii ilikuja iko nyuma kama yako," alisema Leonia. "Nilimrekebishia mwenyewe, siku aliyoletwa."