Muda wa Fred

Mgeni aliingia dukani na helmeti mkononi, akauliza kitu ambacho hakuna mteja aliyekiuliza tangu Februari.

"Dada, una kifaa cha kupimia muda wa mizunguko ya uwanjani? Cha pikipiki. Kisiwe cha bei ya matajiri."

Severina aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa imepoa, au pengine ilikuwa bado ya moto. Siku hizi hakuweza kutofautisha. Dukani kwake Mwanjelwa walikuja watu wa chaja na spika. Waliotaka kupima mizunguko walikuwa wateja wa mdogo wake, Fred, na Fred aligongwa na lori akitoka kununua mkate.

"Unakimbia Jumapili?"

"Nakimbia. Naitwa Kalinga, natokea Ilula. Nabeba matenga ya nyanya, kwa hiyo hata hela yangu ni ya nyanya. Usinikamue."

Severina hakucheka. Mji mzima ulijua habari ya mashindano ya Jumapili. Kwenye uwanja wa vumbi, njia ya Chunya, kulikuwa na ubao, na kwenye ubao jina moja: FRED 1:48.32. Tajiri mmoja wa dhahabu alikuwa ametangaza pikipiki mpya kwa atakayeuvunja muda huo. Jina la mshindi lingeandikwa, la Fred lingefutwa. Na jina la Fred lilikuwa limebaki hapo tu. Msalaba wake makaburini ulikuwa wa mbao, masika yalikuwa yameshaliosha jina.

Angeweza kumpa kitu cha hovyo na kumtakia heri. Lakini Fred alikuwa amemwapisha, humuhumu dukani: usimuuzie mtu kifaa cha kumdanganya, dada. Anayedanganywa na muda anaumia kwenye kona.

"Simu yako na programu ya bure inatosha kwa kuanzia," alisema, sauti kavu kama ya mtu anayesoma risiti. "Ila inasoma ulipo mara moja kwa sekunde. Sekunde moja pikipiki imeshakula mita ishirini na tano, hapo unabahatisha. Hiki kisanduku unakiunganisha na simu, kinasoma mara kumi. Ukimaliza unakaa chini, unaiona kila kona ulivyoipita."

"Nikishamaliza nitakuwa nimechelewa. Nataka kinachoniambia nikiwa palepale juu ya pikipiki: uko mbele, uko nyuma, kwa kiasi gani."

Kilikuwepo kimoja tu. Severina alifungua droo ya chini, akakitoa kwenye kitambaa. Kioo chake kilikuwa na mkwaruzo.

"Kinakulinganisha na mzunguko uliohifadhiwa humo. Ukiona alama ya kutoa, umetangulia. Ya kujumlisha, umeachwa. Hiki siuzi, nakukodisha. Jumapili jioni kirudi."

"Kitarudi."

"Mizunguko iliyomo nikufutie?"

"Acha!" alisema haraka. "Hiyohiyo nitalinganisha nayo."

Alikipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza kilikuwa cha nani.

"Unaitaka sana hiyo pikipiki mpya," Severina alisema.

"Ya kwangu nimeifunga kwa waya, dada. Kitonga ikinikuta tena na ile, nyanya zitateremka mlima zenyewe." Akakitia kifaa mfukoni. "Lakini pia kuna mtu nilimwahidi nitakuja Mbeya tukimbie pamoja. Nimechelewachelewa."

"Atakuwepo Jumapili?"

"Atakuwepo," alisema Kalinga, akavaa helmeti.

Jumapili Severina alisimama karibu na ubao. Sifaeli, mshika saa ya mashindano, alikuwa ameshalowesha kitambaa cha kufutia.

"Dada Seve, sogea kule kidogo. Usiangalie. Huyu wa nyanya anatisha."

Hakusogea. Aliitazama herufi F na hakusikia chochote kifuani. Nyuma yake watu walianza kushangilia kabla Kalinga hajaimaliza kona ya mwisho. Kisha mlio wa injini ukashuka ghafla.

"Imekata!" mtu akapiga kelele. "Mkweche umekata!"

Pikipiki ilivuka mstari ndani ya vumbi. Sifaeli akaitazama saa mara mbili.

"1:48.33," akasema. "Jamani. Sehemu moja ya mia."

"Nyanya zimeoza mlangoni mwa soko!" mwingine akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kalinga aliwapungia mkono. Tajiri akarudisha funguo za pikipiki mpya mfukoni. Kitambaa kikakauka mkononi mwa Sifaeli.

Jua lilikuwa halijazama kifaa kiliporudi, kimefungwa vizuri.

"Ahsante, dada."

"Pole, kaka. Ni kidogo mno."

"Ni kidogo, ndiyo," alisema. Akaikanyaga kiki mara nne ndipo pikipiki ikawaka, akashika njia ndefu ya Ilula.

Severina alikiunganisha kifaa na kompyuta, kama Fred alivyokuwa akifanya kila Jumapili. Mistari miwili ikatokea: mwekundu wa Fred, wa bluu wa Kalinga. Kona ya kwanza, Kalinga mbele. Kona ya tatu, mbele zaidi. Alipotoka kona ya mwisho alikuwa ametangulia kwa nusu sekunde nzima, na injini haikuwa na tatizo lolote, maana hatua chache baada ya mstari kasi ilipanda tena mpaka tisini.

Ila hapo katikati, kwenye njia iliyonyooka ambako hakuna mtu aliyewahi kushika breki, mstari wa bluu ulipunguza mwendo, ukausubiri ule mwekundu mpaka ikawa sambamba, kisha ukaupisha.